Kila Bili Ina Mwenyewe

Katika nyumba ya kupanga, kila bili ina mwenyewe, na kila mwenyewe ana namna yake ya kudai. Umeme hauna haja ya kutuma mtu. Taarifa ya habari ikianza tu, mita inalia mara moja, na giza linamalizia maelezo. Maji hutanguliza ujumbe wa simu wenye namba ndefu ya malipo; ukiupuuza, nyuma yake anakuja kijana mwenye spana na maneno machache. Taka zina mama mwenye kitabu cha risiti na sauti inayofika nyumba ya tatu, naye hutaja deni kwa jina la mtoto wako wa kwanza ili mtaa usije ukakosea ni nani. King'amuzi hungoja watani wa jadi waingie uwanjani, ndipo kikumbuke kwamba mwezi umekwisha. Shule humrudisha mtoto na barua. Na kodi ya nyumba ina baba mwenye nyumba, ambaye huanza kukohoa tangu kwa muuza mkaa ili akifika mlangoni usiseme hukujua.

Akiba haina mtu. Hakuna anayebisha hodi alfajiri na kusema, "Hamjambo humu, nimefuata ile elfu mbili mliyosema mtaiweka." Haizimi taa, haifungi bomba, haimrudishi mtoto nyumbani. Ukiiruka mwezi huu, haikasiriki. Ukiiruka mwaka mzima, bado imetulia. Na kitu kisicho na mwenyewe ni embe la njiani: kila apitaye hulibonyeza kidogo aone kama limeiva.

Nyumbani kwetu Tandika, bajeti ni kazi ya mama watoto. Ni mwalimu, ana kalamu nyekundu, na hajawahi kukutana na matumizi ambayo alishindwa kuyaandikia "rudia" pembeni. Waziri wa Fedha husoma bajeti ya taifa pale Dodoma mara moja kwa mwaka, mwezi Juni, na wabunge humpigia meza. Yetu husomwa kila mshahara unapoingia, baada ya chakula cha usiku, na meza haipigwi kwa sababu mguu wake mmoja umeegemezwa tofali.

Inaandikwa ukurasa wa mwisho wa daftari la hesabu la mtoto, moja chini ya nyingine: kodi, umeme, maji, taka, gesi, ada, nauli, ulinzi shirikishi, akiba, mengineyo. Ukitazama vizuri utaona tatizo limeandikwa hapo hapo. Akiba imeketi jirani na Mengineyo, na Mengineyo ana mikono mirefu. Ni soli ya kiatu iliyoachia katikati ya barabara. Ni dawa ya kikohozi, ni betri za rimoti, ni zawadi ya mtoto wa bosi anayetimiza mwaka mmoja na hajui lolote. Ni rambirambi ya mfanyakazi mwenzako aliyefiwa na babu, babu yule yule aliyefariki mwaka juzi. Mengineyo ndiyo maisha yenyewe. Yale mengine yaliyotajwa kwa majina ni gharama za kuyafikia.

Na si kwamba hesabu ni ngumu. Chumba na sebule yetu ni shilingi 120,000 kwa mwezi, lakini baba mwenye nyumba hataki habari za mwezi. Anataka miezi sita kwa mpigo, yaani 720,000. Mama watoto aliigawa mbele yetu wote: ni 4,000 kwa siku. Elfu nne haimtishi mtu. Laki saba na ishirini kwa mpigo inamtisha hata mwenye nayo. Lakini hiyo elfu nne ndiyo haionekani inapopita. Ikitoka jero asubuhi, buku mchana na bando la jioni, usiku imekwisha na hakuna aliyeila. Wazee walituachia methali mbili kuhusu vitu vidogo, na zote mbili ni kweli: haba na haba hujaza kibaba, na bandu bandu huisha gogo. Hawakutuambia ni ipi kati ya hizo huamka mapema.

Jinsi bili inavyojua kujitafutia mtu wa kuilipa, nilijifunza kwenye mita ya umeme. Nyumba yetu ina wapangaji wanne na LUKU moja: sisi, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, na mama wa barafu, ambaye friji lake halijawahi kupumzika tangu litoke dukani. Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa nyumbani anayetumia kidogo, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, huuziwa uniti moja kwa shilingi 100 kabla ya kodi na tozo. Anayetumia zaidi hupangwa daraja lingine, na uniti yake ni shilingi 292. Kaya nne kwenye mita moja haziwezi kubaki ndani ya uniti 75 hata zikiamua kula gizani. Kwa hiyo kila mmoja wetu, peke yake, ni mteja mdogo. Tukiungana tunalipa bei ya wakubwa. Umoja ni nguvu, na nguvu hiyo inauzwa shilingi 292 kwa uniti.

Tulikwishazoea. Utaratibu ni wa zamu: umeme ukiisha, mwenye zamu ananunua wa 5,000, zile tarakimu 20 zinasomwa kwa sauti uani, kijana wa bodaboda anabonyeza, mtu mmoja anasema "rudia hiyo ya saba," na taa zinawaka. Shida ilianza Agosti 2021, kodi ya majengo ilipoanza kukatwa humo humo kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilianza na shilingi 1,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500. Makato hayo hayamfuati mwenye jengo. Yanamdaka yule anayenunua umeme wa kwanza mwezi mpya unapoingia.

Basi ikawa tarehe moja umeme umekatika jioni, mwezi wa joto, na wapangaji wote wanne ghafla wakawa wapenzi wa hewa safi. Fundi cherehani alitoa mkeka, akasema kazi za leo amezifunga na anapunga upepo. Kijana wa bodaboda alisema mtandao unasumbua, muamala hauendi, pengine kesho. Mama watoto alisahihisha madaftari kwa tochi ya simu na kusema macho ya mwalimu yamezoea. Tulikaa pale tukasifu nyota. Tukachoma dawa ya mbu, moja kwa kila kaya. Mtoto wa fundi aliuliza kwa sauti kubwa, "Kwani baba hela hatuna?" na kila mtu mzima akakohoa kwa wakati mmoja. Shilingi 1,500 gawanya kwa kaya nne ni 375. Dawa ya mbu peke yake ilikwishatuzidi.

Aliyesalimu amri ni mama wa barafu. Alitoka ndani na beseni mkononi, matone yakidondoka. "Nyie endeleeni kuhesabu nyota," alisema. "Mimi barafu zangu zinarudi kuwa maji." Akanunua. Sisi wengine giza lilitunyima mwanga tu. Yeye lilikuwa linamtoza hela.

Asubuhi tulimpelekea baba mwenye nyumba hoja yenye akili: kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, kwa hiyo ile 1,500 ipunguzwe kwenye kodi yetu. Alitusikiliza hadi mwisho, akatukaribisha chai, akafikiri. "Jengo ni langu, wanangu, hilo sikatai," alisema. "Lakini mwanga mnaupata nyie."

Kampeni yetu ya kwanza ya akiba ilikuwa ya jero. Sarafu ya shilingi 500 ilitoka mwaka 2014 kuchukua nafasi ya noti. Ina Mzee Karume upande mmoja na nyati upande wa pili. Mama watoto akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo, nyati yeyote atakayeingia nyumbani hatoki. Jero moja kwa siku ni 15,000 kwa mwezi na 182,500 kwa mwaka, na hujauza kitu wala hujamwomba mtu. Fundi seremala akatutengenezea kibubu cha mbao ngumu, chenye tundu juu na kisicho na mlango. Ukitaka kukifungua, uje na nyundo.

Siku za mwanzo nyumba nzima ilikuwa inawinda nyati. Watoto walitumwa dukani na noti ili chenji irudi kwa jero. Nauli ya daladala ililipwa kwa buku hata kama mtu ana sarafu kamili mfukoni, na konda akawa anatutambua kwa sura: "Hawa ndio wale wa jero, wape mia mia." Muuza duka naye akashtuka, akaanza kurudisha chenji kwa sarafu za mia mbili na pipi. Kibubu hakikubali pipi.

Hata hivyo kilikuwa kizito, na uzito ule ulituletea heshima. Shemeji yangu, mdogo wake mama watoto na mjomba wa wanangu, ambaye alikuja kwa wiki moja kutafuta kazi na sasa anajua ratiba ya maji ya mtaa kuliko sisi, alikuwa akikinyanyua kila asubuhi na kusema, "Mambo yanakwenda." Ilipofika siku ya ada tukakikalisha uani, nyundo ikashuka, na zikamwagika karatasi. Nyati walikuwemo, lakini walikuwa wanyonge katikati ya makaratasi. "Nimekopa jero nne za vocha. Nitarudisha. Mjomba." "Mama nimechukua ya kalamu nisamehe." "Jero mbili, nauli ya kwenda kwenye usaili. Mjomba." Na nyingine, kwa wino mwekundu, mwandiko mzuri wa ubaoni: "Gesi, 3,000. Zirejeshwe tarehe 30." Mwezi haukutajwa. Uzito ulitokana na kokoto, ambazo mtu mmoja mwenye huruma alikuwa akizitumbukiza ili tusivunjike moyo. Ndipo ilipojulikana kisu cha siagi na vibanio vya nywele vilikuwa vikienda wapi. Mama watoto alizijumlisha karatasi zote, akafunga kalamu, akasema kibubu hakina kosa: kimefanya kazi nzuri sana ya kukopesha.

Shangazi yangu wa Pangani aliposikia, alitucheka kwa simu mpaka salio likaisha. Yeye akiba yake ilikuwa kwenye kasha, chini ya kanga zake za harusi, na ufunguo wa kasha ulikuwa shingoni. Hakuna shemeji angefika huko. "Akiba haiozi," alitukumbusha.

Kisha ukaja mwaka 2025. Benki Kuu ilikuwa imetangaza kwamba noti za zamani, za 20, 200, 500, 1,000, 2,000, 5,000 na 10,000 zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya 500 ya mwaka 2010, zinaondolewa kwenye mzunguko. Kuzibadilisha ilikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili. Baada ya hapo zisingekuwa fedha halali. Shangazi alizipata habari hizo Machi ikielekea ukingoni, akidhani ni uzushi wa vijana. Alipothibitishiwa msibani na watu watatu wasiojuana, alipanda basi la alfajiri na kushuka kwetu na kifurushi kilichofungwa ndani ya kanga, kanga ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kikapu, na juu ya kikapu dagaa, ili mwizi akate tamaa mapema.

Benki nilimsindikiza mimi. Karani alizipokea noti kwa mikono miwili. Harufu ya udi ilijaa dirishani.

"Mama, hizi umeziwahi. Muda wake unaisha wiki hii."

"Hela inaisha muda? Kwani maziwa?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Mwanangu, mimi nimeambiwa akiba haiozi."

"Haijaoza, mama. Imestaafu."

Zikahesabiwa, zikahesabiwa tena, akapewa mpya za kiasi kile kile. Shangazi akazitazama pande zote mbili, kisha akauliza swali ambalo karani hakuwa na fomu yake: na ile miaka yote ziliyokaa kashani, inalipwa dirisha gani? Alipoanza kuziweka zilikuwa za mabati ya jiko zima. Alipozitoa, bei za mabati hazikuwa zimekaa kashani pamoja nazo. Fundi alimpigia hesabu, akamwambia zinatosha upande wa jua. Upande wa mvua ungoje.

Vijana wakasema sisi ni watu wa zamani. Akiba siku hizi inakaa kwenye simu. Huduma za pesa kwa simu zilipoanza kuenea nchini mwaka 2008, tuliambiwa tutatembea na benki mfukoni, na kweli tunatembea nayo. Hilo ndilo tatizo. Kasha la shangazi liko Pangani, na nauli ya kwenda Pangani ilikuwa mlinzi tosha. Simu iko mkononi, na muuza chipsi naye anapokea kwa simu. Zaidi ya hayo kuna huduma ya kukuongezea pale salio lisipotosha: leo inakusitiri, mwisho wa mwezi mshahara ukiingia inajilipa yenyewe kabla hujasema alhamdulillahi.

Na simu inawaalika wageni. Kila Mtanzania amewahi kupokea ule ujumbe wa matapeli: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Hakuna salamu, hakuna jina, lakini kuna imani kubwa kwamba hela ninayo. Ujumbe huo ulimwathiri zaidi mjomba wangu. Yeye kwa miaka mingi hukopa ndugu kwa ujumbe mfupi, na sasa analalamika kwamba matapeli wamemharibia soko: akituma namba yake, watu wanafuta bila kusoma mwisho. Ndiyo maana siku hizi anakuja mwenyewe.

Tungeendelea hivyo kama si harusi. Usiku mmoja nilijikuta nimeingizwa kwenye kundi la simu lenye picha ya maua na watu zaidi ya mia. Bwana harusi simjui. Bibi harusi ni binti wa mtu niliyefanya naye kazi zamani. Niliahidi laki moja, maana aliyetangulia kuahidi ana cheo kama changu na ndicho alichoandika. Kuanzia hapo nikawa na mweka hazina. Kila jioni anabandika orodha: waliomaliza wana tiki ya kijani, waliopunguza wameandikiwa kiasi, na ambao bado wameachiwa nafasi nyeupe inayoonekana na mji mzima. Asubuhi anapiga: "Shikamoo kaka, ni kukumbushana tu." Ijumaa anatuma dua. Jumapili anatuma mstari wa Biblia, kwa kuwa hana uhakika na dini yangu. Nikalipa elfu kumi, nikalipa elfu kumi tena, na kabla ya kikao cha mwisho nilikuwa na tiki.

Mama watoto alikuwa akifuatilia yote kwa utulivu wa msimamizi wa mitihani. "Baba," alisema tiki ilipotokea, "kwa mtu usiyemjua umetoa laki nzima, elfu kumi kumi, na hukuchelewa. Kwa nyumba yako tumeshindwa na nyati. Yule amekuzidi nini?"

"Ana mweka hazina."

"Basi," akasema, akichukua kalamu, "na sisi tutafute wa kutusumbua."

Na kweli, ukikaa kwenye vikao vya harusi unaona jambo la ajabu. Watu wale wale wanaosema mshahara haubaki ndio wanaokusanya mamilioni ya ukumbi, pilau na mapambo, kwa vipande vya elfu tano na elfu kumi. Uwezo upo. Kinachokosekana nyumbani ni mtu wa kupiga simu asubuhi.

Mtaani kwetu mtu huyo yupo, ni kijumbe. Ni mama mtu mzima, ana kanga mbili, ndala za bluu, na kichwa kisichosahau. Anaendesha mchezo wa watu 18. Kila mmoja anatoa 4,000 kwa siku, na kila baada ya siku kumi mmoja anapokea 720,000. Anayepokea humkatia kijumbe chai yake. Watu 18 mara siku kumi ni siku 180, ndiyo miezi sita ya baba mwenye nyumba. Mama watoto alipoiona hesabu hiyo inavyokaa, aliipigia vema pembeni. Ilikuwa vema ya kwanza kwenye ukurasa ule.

Mchezo hauzai. Mwaka 2009 serikali iliisimamisha DECI, iliyokuwa ikiwaalika watu "kupanda mbegu" na kuvuna zaidi ya walichopanda. Kijumbe wetu hamwahidi mtu mavuno. Unampa 720,000 kidogo kidogo, anakupa 720,000 kwa mpigo, na faida yako yote ni huo mpigo. Vikoba vina mambo zaidi, kama hisa, riba, faini za wachelewaji na sherehe ya kugawana, na tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 vinatakiwa kusajiliwa. Lakini roho ni ile ile. Mfumo wa vikundi vya kuweka na kukopa ulioenezwa na shirika la CARE kuanzia Niger mwaka 1991 unajulikana kwa sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu hukaa kwa watu watatu. Aliyeubuni alikuwa anajua jambo: mtu ni mlinzi mzuri sana wa hela ya mwenzake.

Kijumbe hadai. Anakuja jioni, anakaribishwa kigoda, anauliza hali. Mnasema nzuri. Anauliza hali ya mama mkubwa wa Korogwe, na mguu wake. Anauliza yule mtoto aliyekuwa na surua mwaka jana. Hana haraka. Ukimwambia leo mambo magumu, anakupa pole ya dhati na kuendelea kukaa. Chakula kinaiva, anakaa. Kinapakuliwa, anasema ameshiba, anakaa. Hakuna familia yenye wagonjwa wa kutosha kummaliza kijumbe. Mwishowe mtu anakwenda chumbani kutafuta elfu nne, si kwa sababu ameshawishika, bali kwa sababu anataka kulala. Mvua ya Aprili haikumzuia. Sikukuu ya Idd alikuja kula pilau, akaondoka na biriani mkononi na elfu nne kwenye pindo.

Jioni moja mjomba alifika kabla yake. Alianza na dibaji yake ya kawaida, kuanzia alivyonibeba mgongoni kuvuka mto, na macho yake yakatua kwenye elfu nne iliyolala mezani chini ya gilasi.

"Mjomba, mimi siombi, nakopa. Hiyo hapo inanitosha."

"Hiyo ina mwenyewe," sauti ikasema mlangoni.

Mjomba akageuka. "Mwenyewe nani? Si iko kwa mjomba wangu?"

"Leo ni yangu," kijumbe akasema, akivuta kigoda. "Kesho ni ya mama wa barafu. Siku yake ikifika ni ya hawa. Hujambo kaka? Na mgongo?"

Mjomba ana mgongo. Walizungumza mgongo mpaka isha. Alipoondoka alikuwa ameshachukua namba ya kumi na nane, iliyokuwa imeachwa na mtu aliyehamia Chanika, na elfu nne yake ya kwanza alikuwa nayo mfukoni muda wote ule.

Hapo ndipo mambo yalipokaa sawa, ingawa si kwa amani. Mtu wa namba ya mwisho ndiye mwenye uchungu kuliko wote, kwa sababu hela yake iko kwa wenzake kumi na saba. Mjomba sasa anapita kwetu asubuhi, akiwa njiani kwenda kazini, kuuliza kama tumeiandaa ya jioni. Ana orodha. Amenionya kuhusu chipsi. Akiba yetu ambayo haikuwa na mtu sasa ina wawili, na kijumbe anasema tangu mjomba aingie yeye anapumzika.

Zamu yetu ilifika wiki mbili kabla ya kodi kuiva, na mama watoto akaona tusiiache hela ilale ndani na shemeji. Tukampelekea baba mwenye nyumba 720,000 zake kabla hajakohoa hata mara moja. Alizihesabu huku akitutazama. Alizihesabu tena. Hakufurahi.

"Wapangaji wangu hunilipa wakilalamika," alisema. "Nyie mmekuja mnacheka. Mambo yenu yamenyooka, eh?" Akanyamaza kidogo. "Basi miezi sita ijayo tuseme 130,000."

Mama watoto aliigawa palepale kichwani: ni 4,333 kwa siku. Akamuuliza kwa adabu, baba, kumetokea nini? Naye baba mwenye nyumba, kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, akaonekana mnyonge. Na yeye yuko kwenye mchezo, mtaa wa pili, wa wenye nyumba watupu, na kijumbe wao amepandisha.

Jioni nilimwuliza kijumbe wetu, ile chai anayokatiwa na watu wote hawa, yeye anaiweka wapi.

"Kwa kijumbe wangu, Mbagala," alisema, akikaza pindo la kanga na kutafuta ndala zake. "Tena nimechelewa. Yule mama hana huruma."